Kodi ya nyumba ya ami na nguzo za umeme: nani analipa, nani anabebeshwa

Ami yangu ana nyumba ya ghorofa moja pale Mpendae, mjini Unguja, chini kapangisha duka na vyumba viwili, juu anakaa mwenyewe na watu wake. Kule Pemba, upande wa Wete, tuna shamba la urithi, eka tatu zile alizopewa marehemu babu baada ya Mapinduzi, na katikati yake inapita laini ya umeme, nguzo nne kama si tano, toka babu yuhai, tena alifurahi mwenyewe siku zilipochimbiwa. Juzi baada ya laasiri tumekaa barazani, kahawa inazunguka, ami anatokea na karatasi ya kodi ya jengo mkononi, hata salamu hajaimaliza: "Nyie mliosoma nambieni. Mie nyumba moja hii nalipia kodi kila mwaka, hawa wenye umeme wana nguzo kisiwa kizima, nyengine zimesimama kwenye shamba la baba yangu, mbona wao hawalipi?"

Basi baraza likachafuka. Mmoja anasema mashirika ni ya serikali hayalipi kitu, mwengine anasema yanalipa ila sie hatuambiwi, mwengine keshafika kwenye minara ya simu na mahoteli, mpaka adhana ya magharibi hakuna aliyetoka na jambo. Nikawaambia ntaandika, manake suali la ami limebeba masuali mengine matatu manne ndani yake na ukiyajibu kwa pamoja hujibu hata moja.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu kimetutega hapa. Mpangaji wa ami anampa ami kodi kila mwezi, na ami anaipa serikali kodi kila mwaka, neno hilo hilo moja na mambo ni mbali mbali kabisa. Ile ya mpangaji ni pango, kalala kwenye chumba cha watu analipia kulala. Ile ya serikali unatoa utake usitake na wala hupewi chumba. Sasa ami akisema "hawalipi kodi" anayasema yote mawili kwa mpigo: hawamlipi yeye pango la kusimamisha nguzo shambani kwake, na hawailipi serikali kodi kwa kuwa na nguzo. Lalamiko la mwanzo si la kodi za serikali hata kidogo, ni la ardhi, na afadhali tulitoe njiani mapema.

Kwa sheria yetu ya ardhi ya 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, ipo chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, mimi na wewe tuna haki ya kuitumia tu, hata zile eka tatu. Kwa hiyo laini ikipita inapita kwenye mkuza, yaani ule ukanda wa njia ya nyaya, na linalozungumzwa kwa kawaida ni fidia ya kilichoharibika, minazi, mikarafuu, ukuta, si pango la kila mwezi. Na hili kwetu si geni kama tunavyojifanya. Pemba nzima inajua kwamba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, unaweza kuwa na mikarafuu yako kwenye ardhi ya mtu mwengine na msikorofishane. Nguzo ni mkarafuu wa mtu uliosimama kwako, tofauti yake huu hauchumwi.

Ila hapo kuna kitu kinaniudhi na mie. Kampuni ya simu ikitaka kuweka mnara juu ya paa la nyumba ya ami, wanakuja, wanakaa, wanapatana bei, ami anapokea pango lake. Kwa nini? Kwa sababu paa la ami wanaweza kulikosa wakahamia la jirani, na ami anaweza kukataa. Nguzo haikatai mtu, inafuata mstari. Kwa hiyo mwenye kuweza kukataa analipwa na asoweza kukataa anafidiwa mara moja basi, na hiyo ni tofauti ya nguvu, haihusiani na nani anapenda kulipa kodi na nani hapendi. Tuiache hapo.

Haya, kodi yenyewe sasa. Zanzibar tuna watozaji wawili na hili linawachanganya wengi. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, anakusanya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hata hapa Unguja, na kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, sio ya mauzo, ya faida. Halafu kuna ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ile iliyokuwa ZRB mpaka 2022, ndiyo yenye VAT ya hapa, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa stempu, kodi za mahoteli na kadhalika. Juu ya hizo kuna Sheria ya Kodi ya Majengo ya 2008, na jina lake linajieleza, ni ya majengo. Nguzo si jengo. Waya si jengo. Bomba lililozikwa ardhini si jengo. Kwa hiyo ami hajaonewa kwa kupendelewa mtu mwengine, ila sheria imeangalia kitu chenye kuta na paa, na shirika la umeme mali yake kubwa haina kuta wala paa. Ofisi zake ndiyo majengo, lakini nani asiyejua kwamba utajiri wa shirika la umeme haupo ofisini?

Bara walilisema wazi zaidi. Sheria yao ya kodi ya majengo ya mijini ya 1983 inasamehe mali inayotumika kwa huduma za umma, mradi haitumiki moja kwa moja kwa kutafuta faida. Soma tena hiyo sharti ya mwisho. Shirika linauza umeme, linakupa risiti, usipokuwa na pesa giza, sasa hilo linatafuta faida au halitafuti? Wanasheria wanaweza kula mwaka mzima hapo. Mie naona msamaha wa aina hii uliandikwa kwa kufikiria hospitali na visima, halafu ukavaliwa na kila mwenye neno shirika kwenye jina.

Tuseme lakini tumekubaliana kwamba mali ya mashirika nayo itozwe kama nyumba ya ami. Unaitia thamani vipi? Nyumba ya ami rahisi, ya jirani iliuzwa juzi, unalinganisha. Kebo ya umeme chini ya bahari jirani yake nani?

Chukua kebo ya kwanza ya Unguja, ile ya 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar hadi Fumba, megawati 45. Kwa hesabu ya gharama na kuchakaa, kitu kilichonunuliwa 1980 na kupangiwa maisha ya miaka 30 kufika 2009 kitabuni karibu hakina thamani tena, chuma chakavu. Haya, Disemba 2009 umeme ukakatika, tukakaa giza mpaka Machi 2010, na kabla ya hapo 2008 tulishakaa kama mwezi. Wenye samaki kwenye mafriza walimwaga, mahoteli yakaungurumisha majenereta usiku na mchana, maji nayo yakawa tabu kwa sababu pampu zinataka umeme. Waulize watu wa Unguja mwezi wa Februari 2010 kebo ile ilikuwa na thamani gani, watakwambia ilikuwa ndiyo kisiwa chenyewe. Kitu kimoja, siku moja: kitabuni takriban sifuri, kwa kazi yake hakina bei, na kwa gharama ya kukiweka chengine badala yake ni mamilioni ya dola, manake 2013 ndipo ilipokuja ile mpya ya megawati 100 kwa msaada wa Marekani. Njia tatu za kutia thamani, majibu matatu, na kila mmoja atachagua linalomfaa, shirika litashika la kwanza, mtoza kodi la pili.

Halafu kuna suali la kukata vipande. Ukilivunja dau ukaenda kuuza mbao mbali, tanga mbali, mlingoti mbali, utapata pesa ya kuni. Dau zima majini linalisha familia. Mtandao wa umeme ndivyo ulivyo, nguzo moja ya shambani kwetu ukiing'oa ni gogo, lakini ikiwa imeshika waya ni sehemu ya kitu kinachoingiza pesa kila dakika. Wamarekani walishabishana hili mpaka mahakama yao kuu, 1897, kampuni moja ya kusafirisha mizigo iitwayo Adams Express ilikataa kutozwa kodi na jimbo la Ohio zaidi ya bei ya farasi wake, magari yake na masanduku yake ya chuma, mahakama ikasema la, hivyo vitu ni kipande cha biashara moja kubwa na thamani yake ipatikane kwa kuitazama biashara nzima kisha Ohio ichukue sehemu yake. Toka hapo mashirika ya umeme, reli na simu kwenye majimbo mengi kule hayatiwi thamani na mtu wa wilaya mwenye daftari na kalamu, yanatiwa na ofisi ya jimbo kwa ukamilifu wake. England nao mitandao ya umeme, gesi na maji wameitia kwenye orodha moja ya taifa, haihesabiwi kijiji kwa kijiji.

Na usidhani kote huko mashirika ndiyo yanayopendelewa. California mambo yamegeuka. Mwaka 1978 wapigakura walipitisha kanuni kwamba kodi ya mali isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo ihesabiwe kutoka bei uliyonunulia, ikipanda si zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka uuze. Mzee aliyenunua nyumba miaka hiyo analipa kidogo sana hata kama mtaa wake umekuwa wa matajiri. Lakini mashirika ya umeme na gesi hayamo kwenye kinga hiyo, bodi ya jimbo inayatia thamani upya kila mwaka kwa bei ya soko. Kule basi ami ndiye anayestarehe na shirika ndilo linalolia. Na reli zilibanwa na majimbo mengine mpaka 1976 bunge la Marekani likatunga sheria kukataza majimbo yasizitoze reli kwa uzito kuliko mali nyengine za biashara. Sababu yake haihitaji profesa, reli haiwezi kukimbia na njia yake, na haipigi kura. Mtoza kodi anapenda kitu kama hicho kuliko chochote.

Sasa turudi nyumbani maana hapa ndipo ninapotaka ami anisikilize vizuri. Nyumba ikitozwa kodi, ami anaumia yeye. Anaweza kujaribu kumpandishia mpangaji, lakini mpangaji akiona ghali anahama, kwa hiyo kubwa la mzigo linabaki kwake. Shirika la umeme likitozwa kodi, nani anaumia? Zanzibar umeme wa gridi unauzwa na ZECO tu, shirika la serikali, hakuna wa kumhamia. Bei inapitia ZURA, msimamizi wa huduma kama umeme hapa Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, na msimamizi yeyote wa bei anaanza na gharama za shirika, kodi ni gharama kama mafuta na waya. Kwa hiyo kodi ya nguzo haiishii kwenye nguzo, inashuka mpaka kwenye tukuza yako, yaani uniti za umeme unazolipia kabla.

Fanya hesabu ya kubuni tu. Shehia ina nyumba 400 na nguzo 200. Kila nguzo itozwe shilingi 10,000 kwa mwaka, hiyo ni milioni 2, gawa kwa nyumba, shilingi 5,000 kila moja. Si nyingi, utasema. Lakini haigawiki hivyo, inagawika kwa uniti, na shirika linahudumia visiwa vyote kwa bei moja. Shamba nguzo nyingi nyumba chache, mji nguzo chache nyumba zimebanana, kwa hiyo mama muuza barafu wa Ng'ambo pale mjini atakuwa anachangia nguzo za mbali asizowahi kuziona. Na hoteli kubwa inayoona umeme umepanda inafunga sola zake ikapunguza kununua, inawaachia wengine mzigo. Mama wa barafu hana paa la kufunga sola, hata friza lenyewe huenda la mkopo.

Hili la kodi kushuka kwa mtumiaji si nadharia, tumeliishi. TANESCO, shirika la umeme la Bara, akituuzia umeme alikuwa anatoza VAT ya Bara, na umeme ukifika huku unauzwa tena kwa watu, mvutano wa madeni ukaendelea miaka. Machi 2017 Rais Magufuli akaagiza wadaiwa wakatiwe, deni la Zanzibar likitajwa kuwa zaidi ya bilioni 120, na Dk. Shein, Rais wa Zanzibar wakati ule, akajibu kwamba wakitukatia tutawasha vibatari. Watu walicheka na neno vibatari likatembea kila baraza, lakini ndani ya mzozo ule suali la kodi lilikuwemo: VAT juu ya umeme unaovuka bahari ndani ya nchi moja abebe nani? Mwaka wa fedha 2019/20 Bara wakaweka VAT ya asilimia sifuri kwa umeme unaouzwa Zanzibar, na sababu iliyotolewa ni kumpunguzia gharama mtumiaji wa huku. Yaani serikali yenyewe ilikiri kwamba anayelipa kodi ya shirika ni mwenye kununua uniti.

Tena Bara wameligeuza shirika la umeme kuwa karani wa kodi ya majengo, hapo ndipo mambo yanapochekesha. Toka Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ndiyo tukuza yao, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, 2023 ikapandishwa kuwa 1,500 na 7,500. Mali ni ya mwenye nyumba lakini anayenunua LUKU mara nyingi ni mpangaji, wakaambiwa wapangaji wadaiane na wenye nyumba zao. Wewe mpangaji wa chumba kimoja umwendee mwenye nyumba na risiti za LUKU za mwaka mzima umwambie nirejeshee elfu kumi na nane, halafu urudi kulala kwenye nyumba yake. Ni rahisi kukusanya, sikatai, hakuna anayekwepa umeme, ila shirika ambalo mali yake imesamehewa kodi ya majengo ndilo linalokusanya kodi ya majengo kwa asiye na jengo. Nilipomsomea ami hii alinyamaza kidogo halafu akasema, "Basi sie huku hatujambo."

Maji ndiyo magumu zaidi na sitakaa hapo sana. Sayyid Barghash alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu karne ya kumi na tisa na watu wa mji wakayanywa bure, na baada ya Mapinduzi maji yakaendelea kuwa ya bure kwa miaka mingi mpaka ikaja ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, kwa sheria ya 2006 na habari za kuchangia. Mtu ambaye bado moyo wake haujakubali kulipia maji, ukimwekea na kodi ya bomba juu yake, hatakwambia kodi imekosewa thamani, atachimba kisima uani kwake. Na ukimtoza ZAWA unamtoza mnunuzi mkubwa wa umeme, kodi juu ya kodi.

Sasa mie nasimama wapi? Mashirika ya serikali yanayouza bila mshindani sioni haja kuyatoza kodi ya mali kama jengo la ami, ni kutoa mfuko wa kulia kutia wa kushoto na njiani mama wa barafu kapunguziwa. Lakini kuyasamehe kimya kimya nako sikutaki, kwa sababu msamaha usioandikwa popote hakuna anayeuhesabu. Marekani kuna shirika la umeme la serikali, TVA, toka 1933, kodi ya mali halilipi lakini linatoa asilimia 5 ya mapato yake ya umeme kwa majimbo na wilaya zenye mitambo na nyaya zake, wanaita malipo badala ya kodi. Hiyo naipenda, hata iwe nusu asilimia, kwa sababu pesa inakwenda kwenye wilaya yenye nguzo, Wete ikapata chake na Makunduchi chake, na inaonekana kwenye hesabu. Na isiwaguse wale wa uniti chache kabisa.

Kampuni binafsi hadithi nyengine. Mwenye minara na mwenye hoteli wana washindani, wana faida, wana wanahisa wanaogawana, hao mali yao itiwe thamani nzima nzima kama dau, si mbao mbao, na walipe kama ami au zaidi. Wakisema tutapandisha bei, wapandishe, mteja anahamia mtandao mwengine, hilo ndilo ambalo mteja wa umeme hana.

Na ami mwenyewe? Hapo siwezi kumdanganya. Nyumba yake inapanda thamani kwa sababu barabara imetiwa lami, umeme umefika, maji yanatoka baadhi ya siku, na hayo si yeye aliyeyaleta, kwa hiyo kuchangia ni haki. Lakini ghorofa anayokaa mwenyewe haimpi hata senti, na lile duka la chini mpangaji wake akiwa kampuni anakata zuio la asilimia 10 la pango kabla pesa haijamfika mkononi. Kulitoza duka linaloingiza na chumba cha kulala kisichoingiza kwa jicho moja ndilo kosa ninaloliona mie, kubwa kuliko la nguzo.

Nilimsomea yote haya jana, barazani pale pale. Akasikiliza mpaka mwisho, akaikunja ile karatasi yake akaitia mfukoni. "Kwa hiyo nguzo hazilipi." Nikamwambia ami, zikilipa utalipa wewe. "Na nisipokuwa na umeme?" Wenziwe wakacheka, mmoja akamuuliza kibatari anacho. Akasema kipo, kule shamba, cha marehemu babu, na mafuta ya taa nayo siku hizi bei yake anaijua Mungu. Kisha akampa mwanangu elfu tano akanunue tukuza kabla hakujaingia giza.